Habari za Darasa la Kwanza: Masomo ya Watoto katika Shule za Misheni, Tuthu na Gikondi



Katika mkutano mkuu wa mwaka huu palizuka maneno marefu juu ya fedha za elimu. Wako waliosema kwamba fedha zote zitiwe katika karo za watoto wa sekondari, maana watoto wa madarasa ya chini hawafanyi kitu ila kuimba na kucheza na maharagwe, na kwa kazi hiyo hapana haja ya kununuliwa vitabu. Wengine walipinga, lakini hawakuwa na hoja ya kutosha, na saa zilikuwa zimekwisha. Basi halmashauri ilituagiza sisi tunaoandika kumbukumbu za Chama tutafute habari za shule za kwanza za Kikatoliki katika nchi yetu ya Murang'a na Nyeri, tuzitie katika kitabu hiki, ili jambo hili litakaporudi mkutanoni wanachama wawe na kitu cha kushika. Tumefanya kadiri tulivyoweza.

Wamisionari wa Consolata walifika Tuthu tarehe 28 Juni 1902, na kesho yake wakasoma Misa ya kwanza. Walikuwa wanne: Padre Tommaso Gays, Padre Filippo Perlo, na Mabruda wawili, Celeste Lusso na Luigi Falda. Aliyewapokea ni Karuri wa Gakure, ambaye alikwisha kujuana na wageni kabla ya hapo, kwa kuwa alifanya biashara ya chakula na pembe pamoja na Mwingereza John Boyes. Karuri alikuwa mtu wa kupima faida. Alibatizwa mwaka 1916 tu, mwaka ule ule aliofariki, na hivyo tunaweza kusema kwamba kwa miaka kumi na minne aliwatazama wageni wake vizuri kabla ya kuinamisha kichwa kumwagiwa maji.

Wageni hao hawakuwa na shule ndani ya masanduku yao. Hawakujua Kikuyu, na watu wa Tuthu hawakujua Kiitaliano. Watu walikuja kwanza kutibiwa vidonda, na vijana walikuja kufanya kazi na kutazama mbao zikipasuliwa kwa msumeno. Mwaka 1903 Masista wa Cottolengo walifika kusaidia. Kisha, tarehe 1 hadi 3 Machi 1904, wamisionari walikutana Murang'a wakapatana jinsi ya kufanya kazi: kufundisha katekisimu, kutembelea watu majumbani, kutibu wagonjwa, kufungua shule, kufundisha kazi za mikono, na kuandaa makatekista wenyeji. Wanachama waangalie kwamba katika mapatano hayo shule haikuwekwa peke yake. Ilikuwa jambo moja kati ya mengi, na katika fikira za mapadre ilikuwa mlango wa kuingilia kanisani.

Hebu sasa tuingie ndani ya darasa la zamani zile. Jengo lilikuwa la miti na udongo, na paa la nyasi. Watoto waliketi chini au juu ya magogo. Wengi walikuwa wachungaji, kwa hiyo saa ya shule ilifuata saa ya mbuzi, na kijana mwenye ndevu aliweza kuketi pamoja na mtoto wa miaka saba, wote wawili wakiwa darasa moja. Kengele ililia, sala ikasomwa, ndipo likaja somo lililochukua sehemu kubwa ya wakati, yaani katekisimu. Mwalimu aliuliza swali, darasa zima likajibu kwa sauti moja. Akauliza tena, wakajibu tena, mpaka jibu likakaa kichwani kama wimbo. Sala na nyimbo za Kilatini pia zilifundishwa kwa masikio, na mtoto asiyejua hata herufi moja aliweza kuimba Misa nzima bila kukosea.

Wako watu wanaocheka mafundisho ya namna hii, lakini sisi hatucheki. Mapadre walikuta kwa Wakikuyu watu waliozoea kujifunza kwa masikio tangu kale. Vitendawili vya jioni vilifundishwa hivyo, na gicandi, ule wimbo mrefu wa mafumbo, uliwekwa kichwani na waimbaji wakishindana sokoni. Zaidi ya hayo, kibuyu cha gicandi kilichorwa alama nje, na mwimbaji aliongozwa na alama hizo ubeti kwa ubeti. Kwa hiyo jambo la alama kukumbusha maneno halikuwa geni kabisa kwa wazee wetu. Kilichokuwa kigeni ni kwamba kwa alama za Wazungu mtu aliweza kujua maneno ambayo hakuyasikia kamwe, yaliyosemwa na mtu aliye mbali. Hapo ndipo tofauti kubwa, na darasa lote la baadaye lilizunguka katika tofauti hiyo.

Baada ya katekisimu zilikuja herufi. Mwalimu aliandika irabu ubaoni, kisha akaziunganisha: ba, be, bi, bo, bu. Watoto walizifuata kwa kidole mchangani, maana mchanga hauna bei na hufutika kwa kiganja. Aliyeendelea alipewa sleti, yaani kibao cha jiwe jeusi, na kalamu yake ya jiwe. Karatasi ilikuwa kitu cha thamani na haikupewa anayeanza. Sleti ilikuwa na ubaya wake: kazi ya asubuhi ilifutwa mchana, na mtoto hakuwa na kitu cha kumwonyesha baba yake jioni. Hesabu zilifanywa kwa maharagwe, mawe madogo na vijiti, kwanza kuhesabu, kisha kujumlisha na kutoa. Mchana watoto walitoka kwenda shambani kulima, na wavulana wakubwa walijifunza useremala na uashi. Wazazi wengine walinung'unika kwamba watoto wao wanalimishwa, na tukiwa wa kweli hapana budi kukubali kwamba malalamiko yao hayakuwa ya bure. Lakini hata serikali, ilipoanzisha Idara ya Elimu mwaka 1911 na kuanza kutoa ruzuku kwa misheni, ilitazama kwanza mafunzo ya ufundi kuliko mafunzo ya kitabu.

Nani basi aliyeligeuza darasa hili la kusikiliza likawa darasa la kusoma na kuandika? Kwa maoni yetu si mapadre peke yao, wala si serikali. Ni wazazi na watoto wenyewe, na sababu ilikuwa barua, fedha na kipande.

Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 iliwachukua vijana wetu kwa maelfu kuwa wapagazi, na wengi hawakurudi, wala mama zao hawakupata habari walikufa wapi. Waliorudi walikwenda tena, safari hii kwenye mashamba ya walowezi, kwenye reli, na katika nyumba za Nairobi na Mombasa. Tangu miaka ya 1919 na 1920 kila mwanamume alilazimishwa kuchukua kipande, akakivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati, na ndani yake tajiri aliandika mshahara na siku za kuanza na kuacha kazi. Mtu alibeba shingoni mwake maneno yanayomhusu yeye, na hakuweza kuyasoma. Fedha nayo ilibadilika mikononi mwa watu: mpaka mwaka 1920 ilikuwa rupia, ikaja florini, na baada ya muda mfupi ikaja shilingi. Aliyezoea kuhesabu rupia alitakiwa kujua kwamba florini moja ni shilingi mbili, na asiyejua alipunjwa dukani. Maharagwe yale ya darasani, ambayo baadhi yetu tuliyacheka katika mkutano, yalikuwa kinga ya mshahara wa mtu.

Juu ya barua tunaye shahidi mkubwa, naye ni Sista Irene Stefani. Alizaliwa Italia mwaka 1891, akafika Kenya mwaka 1915, na wakati wa vita aliwahudumia wapagazi katika hospitali za Voi, Kilwa na Dar es Salaam. Mwaka 1920 alipelekwa Gikondi, upande wa Mukurweini, akafundisha shuleni huko kwa miaka kumi. Watu walimwita Nyaatha, maana yake mama mwenye huruma. Asubuhi alifundisha, kisha akapanda na kushuka vilima kwenda kuwatazama wagonjwa na kuwaita watoto wasiofika shuleni. Lakini jambo tunalotaka wanachama walishike ni hili: akina mama ambao watoto wao walikwenda kazini mbali walimjia awaandikie barua, na majibu yalipofika aliwasomea. Aliwaandikia pia wanafunzi wake wa zamani waliokuwa mijini. Kwa hiyo watoto wa Gikondi waliona kwa macho yao herufi zinafanya kazi gani. Mama aliyekuja na maneno mdomoni aliondoka, maneno yakaenda Mombasa, na baada ya majuma kadhaa maneno mengine yakarudi. Sidhani kama palikuwa na somo ubaoni lililoweza kushinda hilo.

Sista Irene alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na umri wa miaka 39, kwa tauni aliyoipata akimwuguza mgonjwa, naye mgonjwa huyo alikuwa mwalimu wa shule. Alitangazwa Mwenye Heri huko Nyeri tarehe 23 Mei 2015, na wanachama wengi wa Chama hiki walikuwako siku hiyo.

Neno moja juu ya wasichana. Kuwapata darasani kulikuwa kazi ngumu kuliko kuwapata wavulana, kwa kuwa msichana alihitajiwa nyumbani kuteka maji, kukata kuni na kulea, na baba yake alifikiri juu ya mahari. Masista wa Consolata, waliofika mwaka 1913, waliwafundisha kusoma, kushona na usafi. Mwaka 1918 lilianzishwa Nyeri shirika la masista wenyeji, Masista wa Maria Immakulata, na kwa njia hiyo baadhi ya mabinti wa madarasa yale wakawa walimu wa mabinti wengine.

Wala tusiwasahau makatekista. Padre mmoja hakuweza kuwa katika vilima vyote, na shule ndogo za mbali zilishikwa na vijana ambao wenyewe walikuwa wamesoma miaka michache tu. Mshahara wao ulikuwa mdogo, na ubao wao mara nyingi ulikuwa mmoja. Tangu mwaka 1916 misheni ya Nyeri ilichapa gazeti la Kikuyu, Wathiomo Mukinyu, na kwa mwalimu wa kilimani gazeti kama hilo lilikuwa jambo kubwa, maana kwa mara ya kwanza darasa liliweza kusoma kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekwisha kukikariri.

Na hapa tunafika penye kiini cha maneno yetu. Kukariri na kusoma ni vitu viwili, na hufanana sana masikioni. Tuseme ukweli juu yetu wenyewe. Tulipokuwa darasa la kwanza, katika shule ambayo hatutaitaja, tulikuwa zaidi ya sitini na vitabu vilikuwa vinne. Mwalimu alisoma mstari, nasi tukaupokea kwa sauti kubwa. Siku moja mgeni alikuja kukagua, akatusimamisha tusome, tukasoma ukurasa mzima bila kosa, akasifu. Kisha akatazama vizuri, akaona kwamba kitabu mikononi mwetu kilikuwa kimefungwa. Tulijua kusoma miezi mingi baadaye, tulipopata kitabu cha kuketi nacho peke yetu, na aibu ya siku ile hatujaisahau.

Mambo ya baadaye yanajulikana na wengi, nasi tutayapita upesi. Wazee wetu walioanza Sub A na Sub B wanajua ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 ilivyopanga miaka minne ya primary na mtihani mwishoni, na ni watoto wangapi waliorudishwa nyumbani hapo. Baada ya Uhuru, Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliziweka shule za misheni chini ya serikali, na kanisa likabaki mdhamini. Mwaka 2003 karo ya shule za msingi iliondolewa, madarasa yakafurika. Ulipokuja mtaala wa umilisi, wazazi walilalamika kwamba watoto wanatumwa nyumbani kuleta vijiti, mbegu na makopo. Nasi tulilalamika pamoja nao, mpaka tulipozisoma habari hizi tukaona kwamba vijiti na mbegu vilikuwamo darasani zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Kwa hiyo maoni yetu, ambayo mkutano una haki ya kuyakataa, ni kwamba sehemu ya fedha za elimu inunue vitabu vya kusoma vya madarasa matatu ya chini, kitabu kimoja kwa kila mtoto wawili, kabla ya kugawa karo za sekondari. Tunajua kwamba mwanachama ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa karo hatafurahi kusikia hivyo.

Tulipokuwa tukitafuta habari hizi, nyanya yetu alitutolea karatasi moja kutoka katika sanduku lake la bati. Ni barua ya Kikuyu, imeandikwa kwa penseli kutoka Mombasa katika miaka ya 1930, kwa mkono wa mtu ambaye bado hajaizoea kalamu. Inaarifu kwamba shilingi sita zimekabidhiwa msafiri, na inauliza kama mbuzi mweusi amezaa. Nyuma ya karatasi hiyo mtoto fulani ameandika herufi a mistari mitatu, nyingine zimelala, nyingine hazina mkia. Tumeikabidhi kwa Mweka Hazina aitunze pamoja na daftari za Chama, na mwanachama yeyote aliye na karatasi au sleti ya namna hiyo nyumbani kwake anaombwa ailete kabla ya mkutano ujao.