Warya, Hiyo PS Ni Retro ama Imezeeka Tu? Cheki Vile Utajua

Siku hizi neno "retro" limeingia soko. Msee ako na PS3 imejaa vumbi, anaiita retro ndio apandishe bei. Mwingine anakuuzia PS2 akikuapia bado iko kwa gemu. Kama unataka kufungua base ya gemu Garissa, Wajir ama Mandera, ukikosea hapa doo yako imeenda.

Hakuna sheria inasema konsoli gani ni retro. Lakini kuna maswali matatu yanasaidia.

1. Ina miaka mingapi?
Wengi wanaanza kuhesabu kwa miaka 20. PlayStation ya kwanza ilitoka Japan Desemba 1994, PS2 ikafuata Machi 2000. Hizo hazina ubishi. Xbox 360 ilitoka 2005 na PS3 2006, kwa hivyo ndio zinabisha hodi.

2. Kiwanda bado kinaitengeneza?
Sony iliacha kutengeneza PS2 mwanzo wa 2013, baada ya kuuza zaidi ya milioni 150. Microsoft iliacha Xbox 360 mwaka wa 2016, na Julai 2024 ikafunga duka lake la mtandaoni. Huwezi tena kununua gemu ndani yake.

3. Boli mpya inaingia?
Hapa ndio kwa ground. Kwa base, wasee wanataka boli, na wanataka timu za sasa. FIFA ya mwisho kwa PS2 ilikuwa FIFA 14. Kwa PS3 na Xbox 360 ilikuwa FIFA 19. PS4, iliyotoka 2013, bado ilipata FC 25.

Sasa jibu ni gani?
PS1, PS2 na Xbox ya kwanza ni retro kabisa, pamoja na zile za kanda za enzi ya Famicom ya 1983. Xbox 360 imeshavuka. PS3 iko mlangoni: umri imefikisha, lakini inaingia kwa TV mpya na waya wa HDMI bila stress. PS4 si retro, imezeeka tu. Usikubali bei ya kumbukumbu kwa kitu cha jana.

Kabla utoe ganji
Geuza mashine usome maandishi ya umeme. Stima yetu ni volti 240. PS2 nyingi nene za Japan na Marekani ziliundwa kwa volti 100 hadi 120, na ukiichomeka tu hivyo, inaungua. PS2 pia inatumia waya wa rangi tatu, nyekundu, nyeupe na njano, kwa hivyo hakikisha TV yako iko na hayo matundu.

Halafu jaribu diski hapo hapo, mechi nzima, sio picha ya kwanza tu. Vumbi letu linaumiza lenzi, na joto la Garissa halibembelezi mashine ya zamani. Iweke mahali hewa inapita.

Retro ni poa kwa nyumba, wewe na mabro mkikumbuka utoto. Kwa biashara, chukua ile inacheza boli ya mwaka huu. Mteja halipii kumbukumbu zako, analipia mechi yake.