Rafiki wa Askari: Burma, Kagera, Semuliki



Wiki iliyopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja alinisubiri nje ya sakristia. Hakuja kuungama wala kuomba cheti cha ubatizo. Alikuja na swali. Rafiki yake wa tangu utoto, askari wa Jeshi la Wananchi, amerudi kutoka kulinda amani Kongo, na tangu arudi wanakaa pamoja jioni bila kupata la kusema. "Padre, nimwulize, au ninyamaze?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwomba anipe wiki moja. Badala ya kufungua vitabu vya ushauri nasaha, nikarudi katika historia, kwa maana swali hilo si geni kwetu. Watu wa nchi hii ya Usukuma wamewahi kulijibu zaidi ya mara moja, na si kila mara walilijibu vizuri.

Tuanze mbali. Katika Vita Kuu ya Pili zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika walitumikia jeshi la Mwingereza, na miongoni mwao Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wengi. Wengine walijiandikisha kwa hiari, wengine walichukuliwa kwa lazima. Mkulima kijana wa Shinyanga wa wakati ule alikuwa na njia chache za kupata fedha: pamba, mashamba ya mkonge ya pwani, mgodi wa dhahabu wa Geita, au almasi za Mwadui, ambazo Dakta Williamson alizigundua mwaka 1940. Jeshi likawa njia nyingine. Wengi hawakujua kwamba njia hiyo ingewafikisha Asia.

Ilikuwa hivyo. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa kupigana na Wajapani huko Burma, nchi ambayo sasa huitwa Myanmar. Ndani yake mlikuwa na vikosi vya King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland na Tanganyika. Vya kwetu vilikuwa cha 26 na cha 36. Walishuka bonde la Kabaw wakati wa masika ya kule, katika matope ya kufika magotini, wakiandamwa na malaria kuliko hata risasi, mpaka wakaiteka Kalewa, kando ya mto Chindwin, mapema mwezi Desemba 1944. Wengine hawakufika kabisa. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Walikufa watu 1,297, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Hebu tafakari: mtoto wa nchi kavu kama hii yetu, ambako maji huchotwa lamboni, anakufa katikati ya Bahari ya Hindi.

Sasa, huyu askari aliye Burma alikuwa na rafiki nyumbani. Rafiki huyo alimsaidiaje?

Kwanza kwa barua. Askari wengi hawakujua kusoma walipoingia jeshini, na jamaa zao nyumbani walijua hata kidogo zaidi. Barua iliandikwa na mwenzake kambini, kwa Kiswahili kile cha jeshi kilichoitwa Kikeya, ikapita mikononi mwa wakaguzi waliofuta yasiyotakiwa, ikavuka bahari, ikasomwa na mwalimu wa shule, karani au katekista. Ilisomwa kwa sauti, mbele ya baba, mke, ndugu na majirani. Kwa hiyo askari hakuwa na siri. Akitaka kuuliza juu ya mke wake, aliuliza mbele ya mkutano mzima. Ndiyo maana aliyejua kusoma alikuwa na kazi nyeti sana: alichagua lipi lisomwe kwa sauti na lipi lisemwe baadaye, kando, kwa anayehusika. Nimewahi kufikiri kwamba makatekista wetu wa zamani walitunza siri nyingi zisizokuwa za kitubio.

Wanahistoria waliozisoma barua za askari wa Afrika Mashariki wanasema mambo yaliyowasumbua yalikuwa yale yale: mke, mahari, kodi, mifugo. Hofu ya Mjapani haikuchukua nafasi kubwa. Waliogopa zaidi kusahauliwa, au kudhulumiwa na wale wale waliobaki, na kwa kuwa wengi hawakupata likizo ya kurudi nyumbani muda wote waliokuwa Asia, hofu hiyo ilikua kila mwezi.

Hapa ndipo Usukuma ulikuwa na kitu chake. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa marafiki wa vijiji vingine, ili ugonjwa au ukame ukipiga mahali pamoja usimmalize. Rafiki alinywa maziwa, alitumia samadi, lakini ng'ombe walibaki wa mwenyewe, na siku ya kuulizwa alipaswa kuonyesha hata ngozi ya aliyekufa. Hans Cory, mtaalamu aliyeandika sheria na mila za Wasukuma katika kitabu cha mwaka 1953, anaonyesha jinsi mambo haya ya ng'ombe yalivyokuwa na taratibu zake kamili. Desturi hii haikuanzishwa kwa ajili ya vita. Lakini kwa mtu aliyekwenda mbali ilikuwa ni ngome. Rafiki mwaminifu aliyekutunzia majike matano mpaka yakawa tisa alikuwa amekuambia, bila barua yoyote, kwamba nafasi yako nyumbani bado ipo. Naomba tusiipite haraka picha hii. Sisi leo tukisema "kumsaidia askari" tunawaza maneno mazuri ya kumwambia. Wazee walianza na zizi lake.

Walirudi kuanzia mwaka 1945 na kuendelea, kwa meli hadi Mombasa, kisha makwao, wakiwa na kiinua mgongo kidogo. Miaka mingi baadaye, mwezi Februari 2019, ilifichuliwa hadharani kwamba malipo hayo ya mwisho yalipangwa kwa rangi: askari Mwafrika alilipwa hata theluthi tu ya alicholipwa mweupe aliyetumikia pamoja naye. Walioishi kuisikia habari hiyo walikuwa wachache, wazee wa zaidi ya miaka tisini.

Kuhusu yaliyokuwa mioyoni mwao, wengi walinyamaza. Makabila mengi ya nchi yetu yalikuwa na utaratibu wa kumtakasa mtu aliyetoka vitani kabla hajaketi na wengine na kula nao. Sisi wahubiri tulizitazama taratibu hizo kwa jicho baya, na baadhi kwa haki. Lakini ndani yake mlikuwa na jambo tuliloliacha bila kuweka kingine mahali pake: kijiji kilikiri mbele ya watu wote kwamba huyu ametoka mahali ambapo sisi hatukuwapo.

Vita vya pili ninavyotaka kuvitaja havihitaji vitabu. Wapo kati yenu mnaovikumbuka. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu Nyerere akatangaza vita, na jeshi likakua haraka kwa kuwaita mgambo kwa maelfu. Wananchi walichanga vyakula na ng'ombe. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mapigano yakaisha mapema Juni mpakani mwa Sudan. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba Tanzania ilipoteza askari 373, na kati yao 96 tu ndio waliokufa katika mapigano yenyewe. Wengine ni ajali na maradhi. Wengi wamelala Kaboya, wilayani Muleba.

Waliorudi walipokelewa kwa shangwe. Lakini shangwe ilipokwisha, nchi ilikuwa imefilisika. Mwalimu alikuwa ametuomba tufunge mikanda kwa miezi 18, mnakumbuka ilivyokuwa. Mgambo wengi walirudishwa vijijini, ambako sabuni na sukari hazikupatikana. Pamoja nao, bunduki nyingi za vita vile zilitapakaa. Wizi wa ng'ombe ukawa wa kutumia silaha, na ilipofika mwaka 1981 na 1982, katika maeneo ya Kahama na jirani zake, vijiji vilijiunda kuwa Sungusungu, kwa mishale na filimbi, na harakati hizo zikaenea Usukuma na Unyamwezi wote. Serikali iliyatambua majeshi hayo ya jadi kisheria mwaka 1989.

Historia ya Sungusungu huhesabiwa kama sifa yetu, nami sipingi: watu walilala usingizi tena. Ila kuna upande ambao hatupendi kuusema. Palipokuwa na bunduki, macho yalimgeukia aliyejua kuitumia. Kulikuwa na askari waovu, ndiyo. Lakini mtu aliyetoka Uganda akiwa ameokoka, asiyelala usiku, anayetembea peke yake gizani kwa sababu usingizi umemkimbia, alikuwa rahisi kushukiwa. Nani angemtetea barazani? Rafiki tu, aliyeweza kusimama na kusema, "Huyu namjua, usiku ule alikuwa kwangu." Nadhani kwa wengine sauti hiyo haikupatikana.

Na sasa Kongo. Tangu mwaka 2013 vijana wetu wamekuwa Kivu ya Kaskazini katika Brigedi ya Uingiliaji ya Umoja wa Mataifa, pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa. Mwaka huo huo, tarehe 13 Julai, askari wetu 7 waliuawa Darfur. Tarehe 7 Desemba 2017, jioni, waasi wa ADF walikishambulia kituo cha Semuliki, wilayani Beni, kwa saa kadhaa. Watanzania 14 walikufa kwa hesabu ya kwanza, na zaidi ya 40 walijeruhiwa. Katibu Mkuu António Guterres alisema halikuwa limetokea shambulio baya kiasi hicho dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni. Aprili 2024, karibu na Sake, watatu wengine waliuawa kwa kombora, safari hii wakiwa katika kikosi cha SADC, ambacho muda wake ulifungwa Machi 2025.

Askari wa leo hahitaji karani. Ana simu. Anaandika "mambo safi" na rafiki anajibu "poa sana", na wote wawili wanajua kwamba hakuna lililosemwa. Barua ya Burma ilichukua wiki nyingi na ilisomwa na watu kumi. Angalau watu kumi walikaa chini pamoja kwa ajili yake.

Nilipokutana tena na yule kijana nilimkumbusha marafiki watatu wa Ayubu. Tunawalaumu sana, na wanastahili. Lakini Maandiko yanasema kwamba kabla ya kukosea walikaa naye chini, siku saba mchana na usiku, bila mmoja wao kumwambia neno, maana waliona mateso yake ni makubwa mno. Kosa lao lilianza walipofungua kinywa kumweleza kwa nini yamempata. Nikamwambia basi asimwulize ya Kongo. Nikamwuliza mimi: nyumba ya rafiki yako aliyoanza kuijenga kabla hajaondoka imefikia wapi? Akasema kuta zimesimama tangu mwaka juzi, mvua imeanza kuzila. Je, tangu aondoke, umewahi kwenda kuziangalia? Akainama.

Jumamosi walikuwa wawili juu ya kuta hizo, wakipaua. Sijui wanazungumza nini, wala sikusimama kuwasumbua.

Ninalo ombi moja kabla sijafunga. Kama nyumbani kwenu kuna barua, picha, kitambulisho au nishani ya babu aliyekwenda Burma, au ya baba aliyekwenda Uganda, naomba uilete ofisi ya parokia siku yoyote baada ya Misa ya asubuhi. Tutaichukua nakala na kukurudishia yako siku hiyo hiyo. Na majina ya marehemu askari wa familia zenu yaandikwe mapema, ili tuyasome yote kwenye Misa ya tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, pamoja na yale ya waliolala Kaboya na wale ambao bahari haikuwarudisha.

Jumapili njema.