Mwanamke Kamanda katika Vita vya Ukombozi wa Msumbiji

Historia ya vita vya ukombozi mara nyingi huandikwa kana kwamba ni historia ya wanaume na bunduki. Tukiichambua historia ya FRELIMO tunaona kuwa masimulizi ya namna hiyo yana upungufu, na kisiasa yana hatari.

FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, ikaanza vita dhidi ya ukoloni wa Kireno tarehe 25 Septemba 1964. Wanawake wa Cabo Delgado na Niassa waliwalimia wapiganaji chakula na kubeba silaha vichwani kwa safari ndefu za porini. Yaani mwanamke alikuwa vitani tayari. Alichonyimwa ni mafunzo na mamlaka. Mwaka 1966 Kamati Kuu iliamua ashiriki kikamilifu, na mwaka 1967 wasichana 25 walianza mafunzo ya kijeshi Nachingwea, nchini Tanzania. Hicho ndicho chanzo cha Kikosi cha Wanawake.

Uamuzi huo ulipingwa hata ndani ya safu za wapigania uhuru. Walikuwapo wanaume waliokuwa tayari kumfukuza Mreno lakini hawakuwa tayari kuamriwa na mwanamke. Hivyo mwanamke kamanda alipigana vita viwili: cha mkoloni, na cha mila kandamizi.

Nguvu yake kubwa ilikuwa katika kazi ya siasa. Alipoingia kijijini na bunduki begani, akahutubia mkutano, vijana wa kiume waliokuwa wakisita waliona haya. Kina mama nao walipata mtu wa kuzungumza naye kwa uwazi. Amri yake ilitiiwa kwa sababu aliwaelewesha watu.

Tumtazame Ndugu Josina Machel. Alitoroka Msumbiji mwaka 1964, akakamatwa na kufungwa. Akatoroka tena hadi akafika Dar es Salaam. Aliacha nafasi ya masomo ya Ulaya, akapata mafunzo Nachingwea, na mwaka 1969 akakabidhiwa Idara ya Mambo ya Jamii. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na umri wa miaka 25. Siku hiyo ndiyo Siku ya Mwanamke wa Msumbiji.

Hata hivyo tusifiche ukinzani uliokuwapo. Kutunza yatima, kuuguza majeruhi na kubeba mizigo ni kazi ambazo mwanamke alikuwa nazo hata kabla ya vita. Vita vilizifanya kazi za umma zenye heshima. Lakini kuheshimu kazi si sawa na kugawa madaraka. Marina Pachinuapa, mmoja wa wale 25, alifikia cheo cha kanali. Swali la kimapinduzi ni wangapi walibaki kwenye mizigo.

Fundisho kwa makada ni wazi. Chama kinachompa mwanamke kazi bila kumpa uamuzi kimefanya nusu ya mapinduzi. Na nusu hiyo, ikiachwa bila kulindwa, hurudi nyuma.