Ukali wa kona

Ajali ikitokea mlima Kitonga, Iringa, taarifa huwa fupi: dereva alishindwa kukata kona kali. Neno "kali" linaisingizia barabara tabia, kana kwamba ilizaliwa nayo. Kumbe ukali huo ni hesabu ya nusu kipenyo cha tao, mwendo wa gari, mshiko wa tairi, na jinsi lami ilivyoinamishwa kuelekea ndani. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 50 hadi 100 kwa saa, nguvu inayohitajika kulizuia gari lisitoke nje haiongezeki mara mbili bali mara nne. Na mengine yakibaki yalivyo, nusu kipenyo nacho kinatakiwa kiwe mara nne. Atakayesema madereva wanakimbiza mno hakosei, na mlima haumpi mhandisi nafasi ya kutosha (Kitonga ni ukingo wa bonde, si uwanja). Lakini kona inayofuata kipande kirefu kilichonyooka humkuta hata dereva mwangalifu bado yuko kwenye kasi, na hilo liliamuliwa mezani, kwenye mchoro. Afadhali magazeti yangeandika "kona iliyobana", pamoja na mita za nusu kipenyo chake. Trafiki anayepima alama za tairi kwenye lami hashindwi kupima tao.