Njia Kikomo: Istilahi ya Muda katika Usimamizi wa Miradi

Katika mazungumzo ya kawaida, hasa nchini Tanzania, neno mradi hutumika kwa shughuli yoyote ya kujiongezea kipato, kama vile ufugaji wa kuku au uuzaji wa maji, ambayo mwenyewe hutarajia iendelee miaka na miaka. Katika taaluma ya usimamizi neno hilohilo lina maana finyu zaidi, kwa kuwa mradi ni kazi ya muda, yenye mwanzo na mwisho uliopangwa, inayofanywa ili kupata zao fulani mahususi. Mwanagenzi anayeikubali maana hiyo hulazimika mara moja kukabiliana na swali la mwisho wa kazi, yaani mradi utakamilika lini na ni kitu gani hasa kinachoiamua tarehe hiyo. Jibu la swali hilo ndilo dhana inayoitwa hapa njia kikomo.

Dhana hii ilijengwa nchini Marekani kuanzia mwaka 1957 na Morgan Walker wa kampuni ya DuPont pamoja na James Kelley wa Remington Rand, waliotafuta namna ya kutumia kompyuta kupanga kazi za viwanda vya kemikali. Wakati huohuo Jeshi la Majini la Marekani lilikuwa likiandaa mbinu iliyokaribiana nayo kwa ajili ya makombora ya Polaris, na Kelley mwenyewe aliwapa wataalamu wa mbinu hiyo ya pili sifa ya kulibuni jina la Kiingereza ambalo limeenea duniani, yaani “critical path”.

Tafsiri ya jina hilo inayomjia mfasiri upesi ni “njia muhimu”, nayo ina kasoro kubwa, kwa sababu humfanya anayejifunza adhani kwamba kazi zilizo nje ya njia hiyo hazina umuhimu. Kasoro hiyo huonekana wazi katika ujenzi wa darasa moja la shule ya msingi, ikichukuliwa kwa mfano kwamba msingi unahitaji siku 10, zege la msingi kukomaa siku 7, kuta siku 12, linta pamoja na kukomaa kwake siku 8, kupaua siku 6, lipu na sakafu siku 10, na rangi siku 4. Kila kazi kati ya hizo husubiri iliyoitangulia, na jumla yake ni siku 57. Kwa upande mwingine, ununuzi wa mbao na bati unaochukua siku 25 unaweza kuanza siku ya kwanza, na vilevile utengenezaji wa madawati unaomchukua seremala siku 20. Mbao na bati hazitahitajika kabla ya siku ya 37 kwisha, hivyo ununuzi wake una akiba ya muda ya siku 12, yaani unaweza kuchelewa siku hizo bila kuuchelewesha mradi, ilhali madawati yana akiba ya siku 37. Hakuna mwalimu atakayekubali kwamba madawati si muhimu, kwani darasa lisilo na madawati huwakalisha watoto sakafuni, lakini seremala akichelewa wiki mbili tarehe ya kukabidhi jengo haibadiliki, wakati fundi mwashi akichelewa siku moja tu jengo zima huchelewa siku hiyo moja.

Njia kikomo, basi, ni mfuatano mrefu kuliko yote wa shughuli zinazotegemeana, ambao hauna akiba ya muda na ambao urefu wake ndio muda mfupi kabisa unaowezekana wa kuukamilisha mradi. Neno kikomo limechaguliwa kwa kuwa hutaja mwisho na pia mpaka usioweza kuvukwa, na kuwekwa kwake baada ya nomino nyingine bila kiunganishi kunafuata muundo ambao Kiswahili kinao tayari katika maneno kama askari kanzu na mbwa mwitu. Istilahi mwenza, akiba ya muda, inafaa kuliko “muda wa ziada”, ambao wafanyakazi wengi huuelewa kuwa saa za kazi zinazolipwa zaidi ya zile za kawaida.

Jambo ambalo wanaoanza hulisahau mara nyingi ni kwamba kusubiri nako ni shughuli yenye muda wake, hata kama hakuna mtu anayeonekana akifanya kazi. Zege hupimwa nguvu zake kwa kawaida baada ya siku 28, wala wingi wa vibarua hauwezi kulikomaza mapema. Katika Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, maji yalianza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme mwanzoni mwa mwaka 2024. Ujazaji wa namna hiyo hutegemea mvua za nyanda za juu na mwendo wa mto, kwa hiyo mpangaji hana budi kuuingiza katika ratiba kama anavyoingiza uchimbaji au umwagaji wa zege.

Njia kikomo pia huhama. Mbao na bati za darasa lile zikifika siku ya 40 badala ya siku ya 25, kupaua kutaanza siku tatu baada ya wakati uliopangwa na jengo litakamilika kwa siku 60, huku msingi, kuta na linta, zilizokuwa hazina akiba yoyote, zikiwa sasa na akiba ya siku tatu. Msimamizi anayeendelea kuwahimiza waashi kwa kuifuata ratiba ya mwanzo atalipa gharama za haraka isiyopunguza hata siku moja, ndiyo maana hesabu ya njia hii hurudiwa kila taarifa mpya ya maendeleo inapopokelewa kutoka eneo la kazi.