Majina Yenye Mkia na Majina Yenye Kichwa

Natumaini walimu wenu wa Kibiti, Nyamisati na Mbwera wamekwisha andika ubaoni sentensi mbili za leo. Ya kwanza: Mamba alimla mtu. Ya pili: Mtu alimla mamba. Maneno ni yale yale, lakini mtu wa Rufiji hana haja ya kuelezwa tofauti. Ya kwanza ni msiba, ya pili ni mzaha. Nafasi ya neno ndiyo inayotuambia nani kala na nani kaliwa.

Sasa twende kwa Warumi wa kale, waliosema Kilatini. Kwao mamba ni crocodilus, mtu ni homo. Mamba akimla mtu, walisema: crocodilus hominem vorat. Geuzeni: hominem crocodilus vorat. Masikini mtu yule bado analiwa! Sababu ni mkia wa neno. Homo ni mtu atendaye. Hominem ni mtu atendewaye. Hominis ni “wa mtu”. Homini ni “kwa mtu”. Mikia hiyo huonyesha hali za jina. Hali ni sita, na majina yamepangwa katika makundi matano, kila kundi na mikia yake. Vijana waliosoma seminari za nchi hii waliikariri kama watoto wa chuoni wakaririvyo aya.

Mimi nitendaye ni ego, mimi nitendewaye ni me, kwangu ni mihi. Msicheke, maana na sisi tunasema mimi, aliniona, changu. Mtu ni mmoja, sura tatu.

Basi, kwa karne nyingi wataalamu wa Ulaya walijifunza sarufi kwa Kilatini, hata wengine wakadhani lugha isiyo na mikia hiyo haina sarufi. Mzee mmoja wa darasa la Kibiti aliniuliza kwa uchungu: “Bwana Elimu, mwanangu karudi toka shule, aniambia Kindengereko hakina sarufi. Ni kweli?”

Nilimjibu kwa habari za Giacinto Brusciotto, padre Mwitalia. Mwaka 1659 alichapisha huko Roma sarufi ya Kikongo, lugha iliyo ndugu ya lugha zetu. Aliiandika kwa Kilatini, na angeweza kuyasukuma majina ya Kikongo ndani ya yale makundi matano. Hakufanya hivyo. Alisikiliza, akaona kwamba majina hayo hugeuka kichwani, siyo mkiani, akayapanga kwa vianzo vyake. Leo tunaita ngeli. Na kichwa cha jina huvuta maneno mengine: mkoko mrefu umeanguka, mikoko mirefu imeanguka.

Sarufi ya Kiswahili ya Johann Krapf ilitoka mwaka 1850, na ya Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu huko Unguja, mwaka 1870.

Hata hivyo mkia mmoja tunao: mto, mtoni. Warumi nao walisema Romae, yaani “huko Roma”, ila mkia wao huo ulibaki kwenye majina ya miji na maneno machache tu. Wetu ungali na nguvu.

Zoezi: andikeni sentensi tatu zenye neno mtoni, moja kwa pana, moja kwa kuna, moja kwa mna. Na yule mzee wa Kibiti alete majina matano ya Kindengereko, umoja na wingi, mwalimu ayaandike ubaoni.