Mnara wa Maji Ulioungua

Mimi ni mtoto wa mitungi. Mtaani kwetu maji yalikuja usiku mmoja kwa wiki, na tulilala kwa zamu tukiyangoja. Kwa hivyo niliposhuka kwenye treni Riverside, kijiji kilicho magharibi mwa Chicago, nikaona mnara wa maji umesimama karibu na stesheni kama kanisa, niliukodolea macho kishamba kabisa.

Aliyeuchora ni William Le Baron Jenney, ukajengwa 1871. Riverside ilikuwa biashara ya ploti. Kampuni ilinunua ekari kama 1,600 kando ya mto Des Plaines, Olmsted na Vaux wakachora barabara za kupindapinda, na maji ya mfereji yakawa chambo cha wanunuzi. Sisi wa Nairobi tunaijua hiyo lugha: maji na stima ziko! Ila hawa walijenga kweli.

Oktoba mwaka huohuo Chicago ikateketea. Moto ulipitia paa la kituo cha kusukuma maji, mifereji ya mji ikakauka. Pesa zikahama kwenda kujenga mji upya, 1873 uchumi ukaanguka, kampuni ikafilisika. Mnara ukabaki.

Halafu 1913 nao ukashika moto. Mbao za juu ziliisha, mawe ya chini yakasalia. Waliujenga tena, mrefu kuliko ule wa kwanza.

Nilimsimulia mamangu kwa simu. Akanyamaza kidogo.

“Sasa wewe, na hayo maji yalikuwa wapi?”